Sura ya Sita: Ukuta Haujui Urefu wa Mto

"Mwalimu, wewe umesoma. Huu mto si watoka Mlima Kenya?"

Nikamjibu ndiyo, Mlima Kenya na safu ya Aberdare, na kwamba ukifika baharini pale Kipini huwa umeshatembea kilomita zipatazo 1,000.

"Basi tazama. Mimi niko hapa na ukuta wa inchi sita. Kilomita elfu za maji zikija kuuegemea, utasimama?"

Ilikuwa nje kidogo ya Garsen, upande wa mto Tana, wiki chache baada ya mafuriko ya 2024 kupungua. Fundi alikuwa akimjengea mwenye ghala ukuta mpya wa ua mahali pa ule ulioanguka. Matofali ya saruji ya zamani yalikuwa bado yamelala upande wa ndani, kozi juu ya kozi, kama karata zilizotandazwa mkekani. Kwenye mwembe uliokuwa karibu, mstari wa tope ulikuwa umekauka kimo cha kiuno changu.

"Mzee," nikamwambia, "ukuta wako hauegemewi na kilomita elfu. Unaegemewa na maji yanayougusa tu, na hayo nayo yanahesabiwa kwa kina, si kwa wingi. Nyuma ya ukuta pakiwa na dimbwi la upana wa shubiri moja, au pakiwa na Bahari ya Hindi nzima imetulia, kama kina ni mita moja, msukumo ni ule ule."

Akaweka mwiko chini. Kisha akacheka kicheko cha mtu aliyemsikia mwenzake akisema mbuzi ametaga.

Simlaumu. Maji tumejifunza shingoni na begani. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Mitungi miwili ni kilo 40. Anayetaka kubishana na akaichote mwenyewe. Kwa hiyo mtu akitazama Tana imejaa hadi upeo wa macho, shingo yake ndiyo inayomwambia kwamba ukuta unaozuia maji yale yote umebeba mzigo usiosemeka. Lakini ukuta haubebi maji. Anayeyabeba ni ardhi, kitako cha mto. Ukuta unasukumwa ubavuni, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Yafikirie maji yaliyotulia kama mapazia mengi membamba yaliyosimama wima, moja nyuma ya jingine, kutoka ng'ambo hadi kwenye ukuta wa fundi. Kila pazia linasukumwa na jirani yake wa nyuma, na linasukumwa vile vile na jirani yake wa mbele. Misukumo hiyo inafutana, ndiyo maana maji hayaendi popote. Pazia la mwisho peke yake ndilo lililokosa jirani wa mbele. Ukuta unachukua nafasi ya huyo jirani aliyekosekana. Kazi yake ni kufanya kile ambacho pazia moja zaidi la maji lingefanya, basi. Haulizwi mapazia ya nyuma ni mangapi.

Kinachobaki ni kina. Maji ya chini yamekaliwa na maji ya juu, na kwa kuwa maji hayana umbo lao wenyewe, yakikandamizwa kutoka juu yanatafuta kutokea ubavuni. Tofali likikaliwa na tofali linatulia, halimsukumi mtu pembeni. Maji hayana adabu hiyo. Kila mita moja ya kina huongeza shinikizo la karibu tani moja kwa kila mita moja ya mraba, na shinikizo hilo linaelekea kila upande: chini, pembeni, hata juu.

Neno hilo, shinikizo, tumelizoea zaidi hospitalini. Na hata kule siri ni hiyo hiyo: ile 120 anayoiandika muuguzi ni milimita za zebaki, yaani kimo cha nguzo ya zebaki ambayo damu yako ingeweza kuishikilia isianguke. Ukiibadilisha zebaki kuwa maji, ni kimo cha mita 1.6. Mtu mzima ana pampu kifuani inayoweza kuinua maji karibu hadi utosini pake. Tuyaache hayo, turudi mtoni.

Jioni ile, nilipofikia, niliomba mtungi mbovu, ule wa manjano wa mafuta ya kupikia. Nikaukata juu kwa kisu, nikapasha msumari wa inchi tatu kwenye jiko, nikatoboa matundu matatu ubavuni: la kwanza sentimita 9 chini ya pale nilipokusudia maji yafike, la pili sentimita 18, la tatu 27. Kutoka hilo la tatu hadi kitako zilibaki sentimita 9. Watoto wa nyumba wakaziba matundu kwa vidole. Nikajaza maji, mmoja akakaa na kopo la kuongezea ili kimo kisishuke.

"Achieni!"

Kila aliyepita shule anajua kitakachotokea, maana mchoro wake ameuona: tundu la juu linamwaga karibu, la kati mbali kidogo, la chini mbali kabisa. Maji yakatoka. La kati likashinda. La juu na la chini yakaangukia karibu mahali pamoja, kama sentimita 30 kutoka mtungini, yakachimba shimo moja mchangani.

"Kitabu kimetudanganya," akasema binti mkubwa, na nadhani alifurahi.

Hakikudanganya kuhusu msukumo. Maji ya tundu la chini ndiyo yaliyotoka kwa kasi zaidi, kiasi cha mita 2.3 kwa sekunde. Evangelista Torricelli wa Italia alichapisha kanuni yake mwaka 1644: kasi ya maji tunduni ni sawa na kasi ya kitu kilichodondoshwa kutoka usawa wa maji hadi kwenye lile tundu. Lakini maji ya chini yana sentimita 9 tu za kuanguka, yanapiga ardhi kabla hayajasafiri. Ya juu yana nafasi ya kuanguka ila hayana kasi. Ya kati yamepata fungu la yote mawili. Nikauinua mtungi juu ya stuli ya sentimita 40, tukarudia, na sasa mpangilio ukawa ule wa mchoro, tundu la chini likirusha hadi kwenye miguu ya kuku. Kitabu kilisahau kuchora stuli.

Aliyeliona jambo hili la kina kwanza na kuliandika waziwazi alikuwa mtu wa nchi ya matuta. Simon Stevin, mhandisi wa Uholanzi, alitoa kitabu chake kuhusu uzito wa maji mwaka 1586. Alionyesha kwamba msukumo juu ya kitako cha chombo unategemea kina cha maji na eneo la kitako, na umbo la chombo halimo kwenye hesabu. Chombo kikiwa na mdomo mpana kama karai au chembamba kama chupa, kitako hakijui. Wazungu waliita hili kitendawili, na wanalo jina hilo mpaka leo. Blaise Pascal wa Ufaransa alilifuata karne iliyofuata, na kitabu chake juu ya maji kilichapishwa 1663, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Inasimuliwa kila mahali kwamba Pascal alichomeka mrija mrefu mwembamba juu ya pipa lililojaa, akamwaga maji kidogo mrijani, na pipa likapasuka. Katika maandishi yake yaliyobaki, kisa hicho hakimo. Hesabu yake lakini ni ya kweli, na pipa la mafuta la lita 200 linatosha kuionyesha.

Jaza pipa, lizibe, kisha simamisha juu yake mrija wenye urefu wa mita 10 na tundu la sentimita moja ya mraba. Mrija huo unajazwa kwa lita moja tu ya maji, chupa moja. Kina kimeongezeka mita 10, kwa hiyo shinikizo ndani ya pipa limeongezeka tani 10 kwa kila mita ya mraba. Mfuniko wa pipa ni kama robo ya mita ya mraba. Chupa moja ya maji imeusukuma mfuniko kwenda juu kwa tani mbili na nusu. Hakuna mfuniko wa bati utakaovumilia hayo.

Hapo ndipo msomaji makini husimama. Tani mbili na nusu zimetoka wapi kwenye kilo moja? Liweke pipa kwenye mizani ya dukani uone. Mizani itasoma kilo moja zaidi, basi. Maji yanakisukuma kitako chini kwa tani mbili na nusu, na yanausukuma mfuniko juu kwa tani mbili na nusu, na bati la ubavuni ndilo linalowashika hao wawili wasiachane. Ugomvi wote uko ndani ya pipa. Mizani, kama jirani mwenye hekima, inasikia kelele lakini haiingilii.

Sasa twende kwenye ukuta wa fundi, tukiwa na penseli. Shinikizo juu kabisa ni sifuri, chini kabisa ni kubwa, kwa hiyo tunachukua wastani: nusu ya kina, mara kina. Maji ya nusu mita yanausukuma ukuta kwa kilo 125 kwa kila mita moja ya urefu wake. Maji ya mita moja, kilo 500. Ya mita mbili, tani mbili. Kina kikizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Na kwa kuwa maji yakipanda yanausukuma ukuta mahali pa juu zaidi, theluthi ya kina kutoka chini, uwezo wake wa kuupindua unazidi mara nane. Ukuta wa inchi sita wenye kimo cha mita mbili, usio na nguzo wala nondo, una uzito wa kama kilo 600 kwa kila mita. Ukiacha gundi ya saruji, ambayo haipendi kuvutwa, uzito huo unaweza kuhimili maji ya sentimita 60 na kitu. Magotini unasimama. Kiunoni unalala. Ndivyo matofali yale yalivyolala, kwa ndani, usiku ambao ua ulikuwa bado mkavu kwa sababu mwenye ghala alikuwa ameziba lango kwa magunia ya mchanga na udongo.

Ukavu ule wa ndani ndio ulioangusha ukuta. Sitanii. Ukuta uliokuwa na maji mita moja nje na mita moja ndani haujui kama kuna mafuriko. Misukumo miwili inafutana kama ya yale mapazia. Hatari iko kwenye tofauti. Kwa sababu hiyo wahandisi wa nyumba za maeneo ya mafuriko hutoboa kuta chini makusudi ili maji yaingie. Na ndiyo sababu mlango unaofungukia nje ni mgumu kufunguliwa na aliyebaki ndani: mlango wa sentimita 80, maji ya nusu mita nje, ni kilo 100 zimeuegemea. Ukisukuma kwenye kitasa unahitaji nusu yake, kilo 50, na mtu mwenye nguvu aweza. Maji yakifika mita moja, kitasani zinahitajika kilo 200. Asubiri chumba kijae, mlango utafunguka kwa mkono mmoja, kama atakuwa na moyo wa kusubiri.

Niongeze tahadhari kabla fundi hajanishtaki. Nimekuwa nikisema juu ya maji yaliyotulia. Maji yanayokimbia yana pigo lao, yanabeba magogo, yanachimba msingi, na hapo mteremko na wingi wa mto una neno. Lakini maji ya delta ya Tana mara nyingi huja yakitambaa. Huingia usiku chini ya kitanda.

Wakazi wa Garsen huyatazama mabwawa ya juu kwa jicho la wasiwasi, na swali la fundi huulizwa huko pia, kwa ukubwa wake. Kuna matano kwenye ngazi ile ya kuzalisha umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lililokamilika 1981, ndilo bahari yenyewe, ziwa la kilomita za mraba zipatazo 120, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 1,560. Kiambere, la 1988, lina uwezo wa milioni 585 hivi, karibu theluthi moja tu. Mwulize mtu yeyote ni ukuta upi unaosukumwa zaidi, atasema Masinga. Lakini ukuta wa Masinga una kimo cha mita zipatazo 70, na wa Kiambere 110. Tukichukulia maji yamefika karibu na ukingo wa kila mmoja, kila mita ya ukuta wa Kiambere, pale ulipo mrefu zaidi, inasukumwa na tani kama elfu sita. Masinga haifiki hata elfu mbili na nusu. Ziwa dogo, ukuta wenye kazi kubwa. Wingi wa Masinga una maana siku maji yanapolazimika kufunguliwa, kwa sababu wingi ndio unaosema mafuriko yatadumu siku ngapi. Ukuta wenyewe hauhesabu siku.

Ukitoka Garsen kuelekea Lamu unafika Gamba, na huko kuna habari ya matuta. Mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, TARDA, ilianzisha mradi wa mpunga kwenye delta, sehemu ya gharama ikitoka Japani, na mashamba yakazungushiwa matuta ya udongo kwa mtindo wa Kiholanzi. Hata neno lililotumika, polda, ni la nchi ya Stevin. Zikaja mvua za El Nino za 1997 na 1998, na matuta yakabomoka. Watu husema mto ulikuwa na nguvu mno. Mimi napenda kuuliza kwanza mto ulikuwa na kina gani, na nani alikiongeza. Delta ikiachwa wazi, maji hutawanyika, yanakuwa mapana na mafupi. Ukiyanyima nafasi kwa tuta, hayana pa kwenda ila juu, na tumeshaona kwamba kila sentimita ya juu inalipwa kwa bei ya kuzidisha. Tuta linajitengenezea adui wake.

Lakini tuta la udongo mara chache husukumwa likaanguka zima kama ukuta wa fundi. Ni pana mno na zito mno. Hupitwa juu, au huliwa kwa ndani. Maji ya upande wa mto yana kimo kikubwa, ya upande wa shamba hayana, na tofauti hiyo inayapenyeza kwenye shimo la panya, mzizi uliooza, tabaka la mchanga chini ya msingi. Yanapotokea upande wa pili huwa na punje za udongo mkononi. Kila punje inapanua njia, na njia pana hubeba punje nyingi zaidi. Delta yenyewe inao ushahidi mkubwa wa hamu hii ya maji: mfereji wa Belezoni, uliochimbwa karne ya 19 enzi za utawala wa Witu ili kuunganisha Tana na mto Ozi. Ulikuwa mfereji wa watu na majembe. Mto uliuonja, ukaupanua, na leo ndiko Tana inakopita kwenda Kipini.

Kuna hadithi ya mtoto wa Kiholanzi aliyeziba tundu kwenye tuta kwa kidole chake usiku kucha. Ilienea kupitia riwaya ya Mmarekani Mary Mapes Dodge ya mwaka 1865, na wengi huicheka: kidole kitazuiaje bahari? Kingezuia. Tundu la upana wa kidole, kwenye kina cha mita mbili, linasukumwa na nguvu ndogo kuliko kilo moja, hata kama nyuma yake kuna Bahari ya Kaskazini yote. Kosa la hadithi ni kudhani maji yatakubali kutoka palepale. Ukiliziba kwa kidole, yatatafuta udongo laini hatua mbili pembeni.

Kwa hiyo wanaolinda matuta ya Uholanzi na ya mto Mississippi hawazibi. Wakiona chini ya tuta, upande mkavu, maji yanachemka kutoka ardhini na kutema mchanga, hupanga magunia ya mchanga kwa duara kulizunguka lile jicho, kama wanajenga kisima. Kisha wanayaacha maji yajae ndani ya duara. Kimo kikipanda, tofauti kati ya mto na kisima inapungua, kasi inapungua, na maji yanayotoka yanakuwa meupe, bila mchanga. Hapo wanaacha. Duara la upana wa mita mbili, maji ambayo familia moja ingemaliza kwa wiki chache, limesimama kuukabili mto mzima, na linamudu kwa sababu mto unakutana na kimo cha maji, haukutani na wingi.

Nilimsimulia fundi habari ya magunia siku ya pili. Safari hii hakucheka. Alinishika mkono akanipeleka mwisho wa ukuta, akanionyesha kozi ya kwanza. Kila baada ya matofali matatu alikuwa ameacha nafasi ya nusu tofali, bila saruji. Alikuwa ameziacha tangu jana yake, kabla sijafungua mdomo.

"Haya ni ya kupumulia," akasema. "Babangu alikuwa akiacha."

Mwenye ghala alipofika jioni aliinama akachungulia kwenye tundu, akauona mto upande wa pili.

"Fundi, maji si yataingia?"

"Yataingia, bwana. Polepole. Yatakukuta ushainua magunia yako."

Mwenye ghala akasimama, akakung'uta vumbi magotini, akaenda kuulizia bei ya mbao.